Kadi Arobaini na Moja

Kibainishi hakikukosea hata mara moja, na hilo ndilo lililomnyima raha Dkt. Nakunda Mbwambo.

Kadi elfu sitini na mbili za damu. Watoto waliozaliwa wilayani Lushoto kwa miaka thelathini, tone moja la kisigino kwa kila mmoja, limekaushwa kwenye kadi nene na kupewa namba. Mashine hiyo ilijifunza kwa kadi hizo, kisha ikazigawa zote mafungu mawili, wa kiume huku na wa kike huku, pasiwepo hata mmoja aliyebaki katikati. Ripoti ilisema asilimia mia. Nakunda alikuwa amekaa maabara miaka kumi na minane, na hakuwahi kuona kitu chenye damu kikikubali kupangwa hivyo. Hata kilo moja ya maharage ukiichambua utakutana na punje usiyojua uiweke wapi.

Alitumwa kutoka Dodoma kuja kuhakiki. Ijumaa atie saini, Jumatatu mashine zisambazwe wilaya zote. Leo ilikuwa Jumatano, na tayari alikuwa akimshuku kila aliyemkaribisha chai.

Chai ya asubuhi hiyo ilitoka kwa Bi Saumu Shekalaghe, mkunga mstaafu aliyepewa kazi ya kutunza ghala la kadi. Mama wa miaka sitini na minane, sweta la kijani juu ya kanga, miguu mizito, macho mepesi kuliko yalivyotakiwa kuwa kwa umri wake.

"Shikamoo, Bi Saumu."

"Marahaba, mwanangu. Umelala salama? Baridi yetu haijakung'ata?"

"Imening'ata, lakini sijafa."

"Basi kunywa. Tangawizi nimeitwanga mwenyewe."

Nakunda alikunywa, huku akijiuliza mama huyu mkarimu anataka nini. Hakuwa mtu mbaya, ila kazi ya uhakiki ilikuwa imemharibu. Mtu akimchekea, alianza kuhesabu meno.

Alifungua orodha ya kadi zilizoachwa nje ya mafunzo ya mashine. Zilikuwa arobaini na moja tu, na mbele ya kila moja maneno yaleyale kwa mwandiko uleule wa duara: Imeharibika kwa unyevu. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa umeziba mlima mzima, na ukutani rangi ilikuwa inabambuka kwa maji. Unyevu haukuhitaji shahidi hapa. Mtu mwingine angefunga orodha na kwenda zake.

Yeye akaamka, akaenda kwenye rafu.

Alitafuta namba 6,114. Nafasi yake ilikuwa tupu. Akaitoa 6,113, ikawa kavu, safi, tone lake jekundu jeusi limekaa vizuri. Akaitoa 6,115, nayo hivyohivyo. Akaenda kwenye nafasi nyingine tupu, na nyingine, mpaka akafika ya tisa. Kila mahali kadi moja iliharibika na majirani zake wa kulia na kushoto hawakuguswa. Maji ya Lushoto yalikuwa yamejifunza kuchagua.

"Bi Saumu, hapa pakivuja, panavujia wapi?"

"Panavuja kote, mwanangu," alisema mama yule, bila kugeuka. Alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na vumbi.

Dirishani, kwenye benchi la nje, alikaa mwanamke amejifunika mwavuli mweusi. Nakunda alimwona hapo juzi na jana.

"Yule ni nani?"

"Mwalimu Stumai. Matroni wa bweni la wasichana, anafundisha na kemia." Bi Saumu alikunja kitambaa chake mara nne. "Mashine imemwambia si mwanamke. Wamempa siku kumi na nne aondoke bwenini."

Nakunda alijua habari hiyo, kwa kuwa ilikuwa kwenye ripoti, tena kwa kujisifu. Katika majaribio, watumishi elfu mbili wa wilaya waliweka kidole kwenye Kibainishi. Sindano inachoma kidogo, unasubiri dakika nne. Taa ya kijani, mwili wako na kitambulisho chako vinakubaliana. Taa nyekundu, linatokea neno moja: KUGHUSHI. Taa ya tatu haikuwekwa, maana hakukuwa na kitu cha kuiwashia. Watumishi watatu walipata nyekundu, na ripoti iliwaita "udanganyifu uliobainika".

Kusema kweli, Nakunda alimshuku Stumai pia. Watu hughushi vyeti vya shule, vya ndoa, hata vya kufa. Kwa nini wasighushi hiki? Lakini alitafuta namba za kuzaliwa za wale watatu, akaziweka kando ya orodha ya unyevu.

Zote tatu zilikuwamo. Ya Stumai ilikuwa 6,114.

*

Profesa Lameck Kihiyo, aliyekiunda Kibainishi, alimpokea kwa mikono miwili na kiti cha karibu na jiko la umeme. Nakunda alikuwa ameshamhukumu njiani. Huyu ndiye aliyezichomoa zile kadi, alijiambia, ili mashine yake ing'are. Alimwekea orodha mezani, akamwangalia usoni.

Profesa alisoma polepole. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Haya yaliandikwa kabla sijafika hapa. Ya kwanza ina miaka thelathini, mimi nina miaka sita hapa. Kadi mbovu ni kadi mbovu, Daktari. Ulitaka niifundishe mashine kwa karatasi zilizooza?"

"Nilitaka uulize kwa nini zimeoza mojamoja."

"Sikuuliza," alisema. Alisema hivyo tu, wala hakujitetea, na hilo lilimkera Nakunda kuliko uongo.

"Profesa, wewe unajua. Mtoto anaweza kuwa na kromosomu za kiume, amri ya homoni ikatoka, seli zisiipokee. Anazaliwa na mwili wa kike, anakua na mwili wa kike, anaolewa. Na wapo wengine wa aina nyingine. Ni wachache, lakini wapo. Mashine yako haijawahi kumwona hata mmoja wao. Ikikutana naye, inamwita mwongo."

"Arobaini na moja katika elfu sitini na mbili."

"Ndiyo."

"Sheria haitungwi kwa arobaini na moja." Kisha sauti yake ikashuka. "Unadhani nawachukia watu. Dada yangu alikufa kwa moyo, mikononi mwa daktari mzuri, kwa sababu vipimo vyote vya siku zile vilitungwa kwa miili ya wanaume. Maumivu yake hayakufanana na ya kitabuni, akaambiwa ni gesi. Mimi nilitaka mwili wa mwanamke uonekane, usipuuzwe. Halafu wanakuja watu wa Nafsi wananiambia mwili si kitu, kila mtu ajitaje apendavyo. Mwambie dada yangu kwamba mwili si kitu."

Hoja ilikuwa ya kweli, na machozi yaliyomlenga yule mzee yalikuwa ya kweli, na bado taa ya tatu haikuwepo. Nakunda alichukua orodha yake. Mlangoni alijikuta anajishuku mwenyewe, kwa jinsi moyo wake ulivyolainika upesi.

Magazeti yalikuwa yameshawapa majina: watu wa Mwili na watu wa Nafsi. Mchana huohuo simu ililia, alikuwa Kephas Mgonja, aliyesoma naye chuo, siku hizi msemaji mkubwa wa Nafsi.

"Nasikia umepata kitu, Nakunda."

"Nani kakwambia?"

"Lushoto ni ndogo. Nipe hayo majina. Kesho tunayasoma redioni, keshokutwa hiyo mashine inauzwa chuma chakavu."

"Wenyewe wamekubali kusomwa?"

"Tutawalinda. Watakuwa mashujaa."

"Nimekuuliza kama wamekubali."

Kephas alicheka kidogo, kama anavyochekwa mtu mshamba. Alianza kueleza kwamba mwili ni hadithi tu ambayo madaktari wameizoea, na Nakunda, aliyeshika miili ya watu na damu zao nusu ya umri wake, akamkatia simu. Mmoja alitaka wale arobaini na moja wasiwepo. Mwingine aliwataka kwa mabango. Hakujua amchukie nani zaidi.

*

Mwandiko wa duara hakuhitaji kuutafuta mbali. Ulikuwa kwenye kopo la sukari ghalani: Sukari, ya wafanyakazi tu.

Alimkuta Bi Saumu nyumbani kwake, chini ya ghala, jikoni, anachambua mchicha. Hakuketi.

"Umezichoma?"

Bi Saumu hakujifanya hajaelewa. Aliweka ungo chini.

"Nizichome? Damu ya mtoto wa mtu? Nani kakwambia mimi mchawi?"

Aliingia chumbani, akarudi na bati la biskuti limefungwa kwa kanga. Alilifungua kwa adabu, kama wanavyofungua msahafu. Ndani zilikuwa kadi arobaini na moja, kila moja imekunjiwa karatasi ya majibu kutoka maabara ya mkoa.

Nakunda alivuta kigoda, akakaa.

"Enzi hizo majibu yalikuwa yanarudi kwangu," alisema Bi Saumu. "Mimi ndiye nimemzalisha mama, nimemwona mtoto, nimeandika wa kike. Wiki tatu baadaye karatasi inakuja inasema vingine. Au mtoto mwenyewe nimemwona, nikashindwa niandike nini. Sasa nifanye nini? Nikiipeleka karatasi ofisini, karani ataisoma. Karani ana mke, mke ana shoga yake. Jioni mtaa mzima unajua. Yule mama ataachwa kabla hajatoka arobaini. Nimeona mwaka wangu wa kwanza kazini, mama mmoja wa Mlalo. Alirudishwa kwao na mtoto mgongoni, mvua inanyesha. Nikasema halitokei tena mikononi mwangu. Nikawa naandika unyevu."

"Uliwasitiri."

"Ndiyo kazi ya mkunga, mwanangu. Unaona, unafunika."

Hasira aliyokuja nayo Nakunda ilikosa pa kukaa. Alikuwa ametafuta mwizi tangu asubuhi, kumbe anatafuta huruma. Huruma ya mama mmoja, miaka thelathini, imefunika kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba mashine iliyokuja kujifunza kwake ikaamini watu wa namna hiyo hawajawahi kuzaliwa.

"Bi Saumu, kwa sababu ya unyevu wako mashine inawaita waghushi. Watatu wameshaitwa. Jumatatu ikienda nchi nzima, wataitwa wote, wa hapa na wa kwingine."

"Najua." Mama aliusogeza ungo kando. "Unadhani nalala? Yule anakaa benchini tangu Jumatatu. Nimemzalisha mimi."

"Basi nipe kadi, nizirudishe kwenye mashine. Ripoti itabadilika leo."

"Zina namba, Daktari. Namba zina majina. Ukizirudisha, kila karani wa nchi hii atasoma. Ndiyo yaleyale niliyoyakimbia, ila sasa ni makarani wengi zaidi."

Alikuwa na haki, na Nakunda alichukia kwamba ana haki. Kadi bila namba, Kihiyo angesema zimebuniwa. Kadi zenye namba zingewavua nguo watu arobaini na moja mbele ya taifa. Kukataa kutia saini bila ushahidi kungemleta tu mhakiki mwingine, mwenye haraka ya kurudi Dodoma.

"Tuwaulize wenyewe," alisema hatimaye. "Tuanze na huyu wa benchini."

Bi Saumu alimshika mkono, kwa nguvu.

"Usimwite. Hajui."

"Hajui nini? Mashine imeshamwambia."

"Mashine imemwambia amedanganya. Yeye anadhani mashine ni mbovu. Hajui lolote. Mama yake alijua, na mimi. Hawa wote hawajui. Unamsitiri mtu, halafu unakwenda kumwambia?"

Nakunda aliitafuta 6,114 ndani ya bati, akaichomoa. Miaka yote ya kushuku watu, na hili halikumpitia kichwani.

"Namwita," alisema.

*

Stumai alifunga mwavuli, akaamkia, akakataa chai. Alikuwa mrefu, wa miaka ishirini na saba, sauti yake ya darasani, ya kufika dawati la nyuma. Nakunda alimweleza yeye ni nani. Kabla hajamaliza, Stumai akainua mkono.

"Kama na wewe ni wa Nafsi, samahani. Wamekuja wawili jana wakanipigapiga bega, wakaniambia nilichagua kuwa mwanamke na ni haki yangu. Sikuchagua. Nimezaliwa hivi. Hao wa Mwili nao wameandika mimi mwizi wa choo cha wasichana. Nimewalea watoto wale miaka minne."

"Mimi si wa yeyote. Nina karatasi yako hapa. Ni yako, imekaa miaka ishirini na saba. Ukitaka kuisoma, soma. Usipotaka, naifunga, na hakuna atakayeiona."

Bi Saumu aliziba uso kwa kanga.

Stumai aliangalia karatasi, akamwangalia yule mama, akairudia karatasi. Alikuwa mwalimu wa sayansi, hakuhitaji kutafsiriwa. Alisoma mstari wa kromosomu, akashuka mstari wa kipokezi cha homoni kisichofanya kazi, akasoma tena juu mpaka chini.

"Kwa hiyo ndiyo maana," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba, wenzangu wote wameshavunja ungo. Nikamuuliza mama. Akaniambia wengine huchelewa. Nimechelewa miaka kumi, nikidhani nina ugonjwa wa kuniua, naogopa hata kwenda hospitali." Aligeuka. "Bi Saumu, ulijua?"

"Nilikusitiri, mwanangu. Wallahi nilikusitiri wasikuone."

"Nani asinione? Hata mimi?"

Bi Saumu alimshika mkono, Stumai akautoa.

"Ungenidhalilisha kwa watu, sawa, ningelia, ningenyamaza. Lakini umenificha mimi nisijijue. Mashine imeniita mwongo, nami nimekaa siku tatu kwenye mvua nikiapa kwamba haisemi kweli. Na wewe unaniangalia dirishani." Sauti ilimkatika. Aliinama, akalia bila kujificha, na Nakunda, ambaye hakuwa mtu wa kushikashika watu, alimwekea mkono mgongoni akauacha hapo.

Machozi yalipopungua, Stumai alijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Hii mashine, Daktari, inasema kweli kuhusu damu yangu?"

"Kuhusu damu, ndiyo."

"Na kuhusu mimi?"

"Ina maneno mawili tu ya kukuelezea, na la pili ni kughushi. Hukughushi chochote."

"Basi niandike. Kadi yangu, namba yangu, jina langu lote, Stumai Hatibu Mnkande. Mwambie Profesa mtu mwenyewe yupo, aje anipime. Kama watanitoa bwenini baada ya hapo, watanitoa kwa jina langu, si kwa jina la mwongo." Alivuta pumzi. "Lakini hao arobaini usiwaguse."

"Sitawagusa. Na saini yangu hawaipati Ijumaa. Kadi moja yenye mwenyewe aliye hai inatosha kuvunja asilimia mia."

"Wao waambiwe na mtu, uso kwa uso, kabla mashine haijawafikia. Na asiwaambie mgeni." Stumai alimsogelea Bi Saumu, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa na uchovu. "Wewe uliwafunika, wewe ukawafunue, mlango kwa mlango. Atakayekubali kuandikwa ataandikwa, atakayekataa umwachie karatasi yake."

"Mimi mzee, mwanangu."

"Sisi tuna miguu. Tutakupeleka."

Nakunda alilivuta bati karibu, akachukua kadi ya juu kabisa, namba 212, ya mwaka wa kwanza wa kadi. Karatasi yake ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka mikunjo ikapasuka. Nyingine zote hazikuwa hivyo.

"Tuanze na huyu. Anakaa wapi?"

Bi Saumu hakuipokea. Alikuwa ameshaifahamu kwa mbali.

"Muheza," alisema. "Anaitwa Mwanahiba."

"Mzazi wake yupo?"

"Yupo." Mama aliushika mkono wa Stumai, na safari hii Stumai hakuutoa. "Mwanahiba ameachika mara mbili kwa kukosa mtoto. Nimemzungusha kwa waganga wanne, Daktari, mpaka Handeni. Nilikuwa namfunga hirizi mimi mwenyewe, kiunoni, namwambia safari hii utashika mimba, mwanangu, muombe Mungu. Na yeye anaomba. Mpaka leo anaomba."

Stumai alitoa simu yake mfukoni, akaiweka kwenye kiganja cha yule mama, na Bi Saumu akaanza kubonyeza namba za mwanawe, mojamoja, kwa kichwa.